Gasketi ya Sufuria na Kahawa ya Fanja

Vijana wangu wa Ghala,

Wiki mbili kabla sijakabidhi funguo za kabati langu, mliniletea gari kuukuu la mtu mmoja wa Azaiba, lile la rangi ya maziwa ambalo nyinyi mnaliita klasiki na mimi naliita gari. Mkafungua injini, mkakwama kwenye jambo moja: gasketi ipi ikae baina ya bloki na hedi, kile kifuniko cha silinda. Mmoja wenu alikuwa ameshaagiza tatu kwa simu. Zote zina namba moja, zote zinang'ara, na kila moja ina unene wake. Mkaja kuniuliza. Nikakujibuni, "Pimeni tundu kwanza," nikaenda zangu kuswali adhuhuri.

Jibu lile lilikuwa fupi kwa sababu jibu refu lina aibu ndani yake, na aibu hiyo ni yangu. Sasa nimestaafu, nipo nyumbani Al Amerat, mke wangu ameshachoka kuniona asubuhi nikirekebisha milango isiyoharibika. Ninao wakati wa kulitoa lile jibu refu. Vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Nilifika Matrah, bandari ya Maskati, mwaka 1964, nina miaka ishirini na nne, fundi kamili kwa maoni yangu mwenyewe. Sina haja ya kueleza kwa nini tuliondoka Unguja. Kila nyumba yenu ina mzee anayeeleza, na kila mzee anaeleza yake. Wengine walishona dhahabu kwenye pindo za nguo za watoto. Mimi sikuwa na dhahabu. Nilibeba seti ya spana, fila geji ya kupimia nafasi nyembamba, na gasketi mbili za hedi zilizokuwa bado ndani ya karatasi za kiwandani, nilizopewa na tajiri wangu wa Darajani siku tuliyofunga karakana. Kwa nini gasketi? Mpaka leo sijui vizuri. Nafikiri nilitaka kitu kimoja kipya kutoka kule, kisichoguswa na mtu.

Binamu wa baba akanidhamini, akanipeleka kwenye karakana ya pekee aliyoijua, kibanda cha makuti ya mtende mwisho wa Matrah. Fundi mkuu alikuwa Usta Shambe, Mbaluchi wa makamo, mfupi, mwenye vidole vinene na subira ndogo. Ujana wake alifanya kazi kiwanda cha barafu Unguja, kwa hiyo Kiswahili alikijua, tena kile cha Malindi chenye matusi yake. Siku ya kwanza alinambia nimwage mfuko wangu juu ya meza. Spana alizipita. Gasketi alizitoa kwenye karatasi, akazinusa, akazitazama kwenye mwanga.

"Nzuri," alisema. "Za gari gani?"

"Za ile ya Kiingereza ya silinda nne. Nimeziona mbili hapo nje. Gari ile ile."

"Hakuna gari ile ile, mwanangu," alisema, akanipa ndoo ya mafuta ya taa nikaoshe machujio ya hewa.

Niliosha machujio mwezi mzima. Mchanga wa nchi hii wakati huo, barabara ya lami ikiwa ni kama ya kuonja tu, uliingia hata ndani ya yai. Ulipita kwenye chujio, ukaingia kwenye silinda, ukazila kuta zake kidogo kidogo mpaka gari likawa linakunywa oili na kutoa moshi. Dawa yake ilikuwa kupeleka bloki kwa meli Karachi, silinda zichongwe na kupanuliwa, zitiwe pistoni kubwa kidogo, kisha bloki irudi. Kwa hiyo gari la Maskati lililokwisha kuishi miaka minane lilikuwa na jina lilelile la kiwandani, lakini tumbo lake si lile. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililoniangusha.

Zana za Shambe zilinichekesha. Alikuwa na mkasi wa bati, nyundo ya mti, vipande vya paipu alivyovinoa ncha ili kutobolea matundu, na kioo kinene cha dirisha alichokitumia kupima kama hedi imenyooka. Gasketi mpya ilikuwa inaagizwa kwa barua, ikaja kwa meli, na wakati mwingine ikaja ya injini nyingine. Kwa hiyo Shambe alizikata mwenyewe kwenye shaba nyekundu. Alipokosa bamba la shaba alikwenda sokoni kwa wafua vyombo akanunua sufuria kuukuu ya shaba, zile kubwa za kupikia wali wa harusi, akaikata, akaipondaponda juu ya bamba la chuma mpaka ikalala. Aliilaza karatasi juu ya bloki, akaisugua kwa kidole chenye masizi mpaka kila tundu likajichora, ndipo akakata. Halafu aliichoma shaba mpaka ikawa nyekundu, akaitosa ndani ya maji. Chuma ukikifanya hivyo kinakuwa kigumu. Shaba inalegea, unaweza kuikunja kwa mkono, na hapo ndipo inapokubali kulala kwenye kila bonde la hedi.

Nilitazama yote hayo kwa dharau, na nasema wazi kwa sababu wengi wetu tuliotoka Unguja tulikuwa hivyo. Tulikuja kwenye nchi ya baba zetu huku tukisikitika kimoyomoyo kwamba haina taa za umeme. Nilimwandikia rafiki yangu Mombasa kwamba huku wanatia sufuria ndani ya injini.

Shambe alikuwa pia na sheria moja: kitu kilichotoka kwenye gari kinarudi na gari. Ukibadilisha mkanda, ule wa zamani ufungwe nyuma ya kiti. Ukibadilisha plagi, za zamani zitiwe kwenye kopo. Gari linalokwenda ndani ya nchi halikutoka kwetu bila takataka zake. Niliona ni uchoyo wa mzee.

Mwaka uliofuata likaja gari la Khalfan. Khalfan alikuwa mtu wa rika langu, aliyetoka Unguja kama mimi, na gari lake lilikuwa lile la Kiingereza la silinda nne, nyuma wazi kwa kubebea mizigo. Lilikosa nguvu kwa sababu valvu mbili ziliungua. Mambo ya kawaida. Lakini Khalfan alikuja na mama yake, na mama yake hakubaki nje. Bi Thuwaiba aliingia na buibui lake, akalifuta vumbi sanduku la sabuni, akakaa.

Alizaliwa Izki, ndani ya nchi. Alichukuliwa Unguja bibi harusi akiwa na miaka kumi na minne, na hakurudi kwa miaka arubaini. Aliporudi na mwanawe, homa ikamlaza Matrah miezi kadhaa. Mama yake mzazi alikuwa bado yu hai kule Izki, kipofu, na wiki ile dereva mmoja alileta habari kwamba bibi hali tena isipokuwa maziwa.

"Mwanangu," alinambia, "gari hii itanfikisha?"

"Itakufikisha, Bi Thuwaiba. Mie mwenyewe ntakwenda nayo."

"Mamangu kila alfajiri huuliza, Thuwaiba keshafika? Wao humwambia yuko njiani. N'shachoka mie kuwa njiani."

Shambe alimsikia. Siku ya pili yake aliitwa Sidab kutazama mashine ya maji, akaniachia kazi. Valvu zilikuwa zimeshakaa. Kilichobaki ni kufunga hedi. Gasketi iliyotoka kwenye gari lile ilikuwa ya Shambe, ya sufuria, na kwenye pembe moja bado zilionekana alama hafifu za nyundo ya mfua vyombo. Aliishika mbele yangu akasema, "Hii ichome, itose, irudishe. Usifanye lingine."

Alipoondoka nikatoa gasketi yangu kwenye karatasi. Namba iliyopigwa juu yake ilikuwa ndiyo namba ya injini ile. Ilikuwa ya mabamba mawili membamba ya shaba yenye asbesto katikati, na kwenye kila tundu la silinda shaba ilikunjwa kuifunika asbesto isiguswe na moto. Kazi safi ya kiwandani. Nikailaza juu ya bloki, nikainama, nikachungulia kila tundu. Kwenye silinda zote nne ukingo wa gasketi ulijitokeza ndani kwa unene wa ukucha.

Nililijua lile. Naomba msome sentensi hii mara mbili: nililijua. Nilijua bloki ile ilikwenda Karachi ikapanuliwa. Nilijua kwamba ukingo unaojitokeza ndani ya silinda unawaka mwekundu, unawasha petroli kabla ya wakati, mwisho unaungua. Nilijua pia kwamba namba haikosei na kwamba gasketi haikosei. Kilichobadilika ni injini. Sikukosea kwa ujinga.

Nikachukua tupa ya duara nikapanua matundu. Nilipiga tupa taratibu, kwa adabu, mpaka matundu yakalingana na silinda, na kwa kufanya hivyo nikaukondesha ule mkunjo wa shaba unaozuia moto. Sehemu moja, baina ya silinda ya pili na ya tatu, ulibaki mwembamba kiasi cha kuona kijivu cha asbesto chini yake. Nikapaka grisi juu, kijivu kikapotea.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kiburi kilikuwepo, sikatai. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Nilitaka kitu changu nilichokibeba kutoka kule kimfikishe mama yule kwao. Nilitaka hivyo sana, na mtu anayetaka sana hapimi vizuri.

Shambe alirudi alasiri. Akaiona gasketi ya shaba imeegemezwa ukutani.

"Hii mbona iko nje?"

"Nimetia mpya, Usta. Ya kiwandani."

"Imekaa?"

"Imekaa."

"Bila ya kuilazimisha?"

"Bila," nilisema.

Alinitazama kidogo. Halafu akaitia gasketi yake ndani ya gunia, akaifunga nyuma ya kiti, kama sheria yake ilivyo.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Khalfan aliendesha, Bi Thuwaiba alikaa pembeni yake, mimi nilikuwa nyuma juu ya magunia na viriba vya maji. Pale Ghala, zilipo karakana zenu, palikuwa na miti ya miiba na mbuzi wawili. Azaiba waliokuwepo ni wavuvi na dagaa waliotandazwa mchangani, harufu yake ikatusindikiza mbali. Injini ilikuwa ikiimba. Niliisikiliza nikiwa nimefumba macho, nikajiona bingwa.

Tulifika Fanja jua limepanda. Pale walikuwa wakikaa jamaa za Bi Thuwaiba, watoto wa ami yake, nao walishapata habari kwamba atapita. Walikuwa wamesimama njiani. Khalfan akasema kwa sauti ndogo, "Mama, tuwasalimie tu, tuende zetu. Tukiwahi, leo usiku tutalala Samail, kesho mapema tuko Izki."

"Tukipita bila kunywa kahawa yao," alijibu, "watasema Unguja imetusahaulisha adabu. Vikombe viwili tu, Khalfan."

Mnajua vikombe viwili vya kahawa Fanja. Kwanza tende, halafu kahawa, halafu habari za watu wote waliozaliwa na waliokufa tangu miaka arubaini, halafu halua, halafu mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Gari lilisimama juani bila kivuli mpaka tulipomaliza kuswali alasiri. Hata hivyo, tungelala Samail vilevile. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Lilikufa kwenye bonde la mto mkavu, kama mwendo wa saa moja kabla ya Samail. Kwanza nguvu zikapungua, halafu injini ikaanza kukohoa kwa silinda mbili, halafu rejeta ikatokota na maji yakatoka na povu. Nilijua kabla sijashuka. Nikafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, nikaona mapovu yakipanda, moto wa silinda ukipuliza ndani ya maji. Khalfan akaja mbio.

"Nini, Nassor?"

Bi Thuwaiba alikuwa amefungua mlango, mguu mmoja chini, ananisikiliza.

"Jua," nilisema. "Gari imesimama juani toka asubuhi. Imechemka."

Ndivyo nilivyosema. Hayo tu. Bi Thuwaiba aliurudisha mguu wake ndani, akafunga mlango taratibu.

Giza lilikuwa linaingia, tukalala palepale. Alfajiri nilifungua hedi. Baina ya silinda ya pili na ya tatu, mahali palepale nilipokondesha kwa tupa, gasketi yangu ilikuwa imeliwa, pengo la upana wa kidole. Niliitia haraka kwenye mfuko wangu kabla Khalfan hajaja kutazama. Halafu nikakumbuka gunia nyuma ya kiti, na niliona haya hata kulifungua.

Nikalifungua, nikawasha moto wa kuni za msamuri, ule mti wa miiba. Shaba ichomeni kabla jua halijatoka, au kivulini, maana juani hamtaiona rangi, mtaiyeyusha. Nilingoja mpaka ikawa nyekundu kama punje za komamanga, nikaitosa kwenye dimbwi lililosalia katika mto ule mkavu. Ilitoka laini, ikiyumba mkononi. Nikaisugua kuitoa masizi, nikapaka grisi kiasi cha kung'arisha tu, nikailaza kwenye bloki. Matundu yote yalikuwa wazi. Hakuna ukingo ulioingia ndani wala uliorudi nyuma sana. Mzee yule aliikata kwa bloki ile, si kwa namba. Nikafunga nati kutoka katikati kwenda nje, kwa mizunguko mitatu, nikarekebisha valvu, tukajaza maji. Kazi hiyo ilinichukua mpaka adhuhuri imepita. Tulikwenda pole pole mpaka Samail, tukalala ili injini ipoe na nati nizikaze tena, maana shaba iliyochomwa upya hukaa chini baada ya joto la kwanza. Asubuhi yake tukaingia Izki.

Mtu wa kwanza kutoka mlangoni alikuwa mtoto wa kaka yake Bi Thuwaiba, mtu mzima mwenye ndevu. Alitoa mkono kwa Khalfan, akasema kwa Kiarabu maneno ya rambirambi. Bi Thuwaiba alikuwa bado yumo garini.

"Lini?" aliuliza.

"Jana, ammati," alimjibu shangazi yake, "kabla ya adhuhuri. Tumemzika baada ya alasiri."

"Aliuliza?"

Yule mtu akainamisha kichwa. "Aliuliza alfajiri. Tukamwambia uko njiani."

Bi Thuwaiba alishuka, akakaa kwenye kizingiti cha mlango. Wanawake wakatoka wakamzunguka. Mimi nilibaki nimesimama kando ya gari, nimeweka mkono juu ya boneti ya moto, sijui hata kwa nini nilikuwa nimeuweka.

Siku tatu za matanga kila aliyeingia alisema lililo haki kusemwa: ajali haina kinga, siku yake ilifika, haizidi saa wala haipungui. Ni imani yangu pia. Lakini niliitikia kwa kichwa kila mara, na kila mara nilijificha nyuma ya maneno yale.

Niliporudi Matrah, Shambe hakuniuliza safari. Alinyoosha mkono tu. Nikatoa gasketi mfukoni. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, tundu kwa tundu.

"Hii tupa," alisema.

"Ndiyo, Usta."

"Mama yule ulimwambia nini?"

"Nilimwambia jua."

Alikwenda ukutani, akapigilia msumari juu ya meza yangu ya kazi, akaitundika pale. "Hii imeshasema," alisema. "Wewe utasema siku utakayotaka." Hakulitaja tena jambo lile, hata siku tulipogombana kwa mengine, na tuligombana mengi.

Kuanzia hapo alinifundisha kukata. Nilikata gasketi za magari, za mashine za maji, za mashua moja yenye injini iliyokuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Mwaka 1967 tulipata lori ambalo hedi yake ilisagwa mara mbili ili kuinyoosha, mpaka pistoni zilikuwa zinakaribia kugusa valvu. Shambe alikandika vipande vya udongo laini juu ya pistoni, tukafunga hedi, tukazungusha injini kwa mkono, tukafungua na kupima udongo ulivyobanwa. Kwa lori lile tulikata shaba nene, maana kilichopunguzwa kwenye hedi lazima kirudishwe kwenye gasketi. Gari lenu la rangi ya maziwa, muulizeni kwanza mwenyewe: nani alifungua injini hii kabla yetu, na alipunguza nini? Pimeni upana wa silinda kwa kipimo, msipime kwa namba. Ilazeni gasketi kavu, mchungulie kila tundu, mpitishe kidole. Matundu ya maji yasipolingana msikimbilie kuyapanua, mengine yalifanywa madogo makusudi ili maji yafike silinda ya nyuma. Na gasketi ikikataa kukaa, itoeni.

Mwaka 1969 Shambe alirudi kwao pwani ya Makran. Aliniachia mkasi wa bati. Umo kwenye droo ya tatu ya lile kabati langu, pamoja na ile gasketi iliyoungua. Mlikuwa mkiniuliza mara kwa mara kwa nini siitupi.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwona Bi Thuwaiba. Gari la Khalfan lilikuwa la kwangu kulitengeneza, na gasketi ya sufuria ilikuwa bado imo ndani. Nikaanza kusikia watu Matrah wakimsema. Bi Thuwaiba hakai, walisema. Akija kumpa mtu pole au hongera husimama mlangoni, hutoa mkono, huondoka. Kahawa hagusi. Katika nchi hii hilo si jambo dogo. Walisema ni kiburi cha Unguja. Mimi nilisikia, nikaona ni mambo ya wanawake, nikaendelea na spana zangu.

Ilipofika mwaka 1970 alitawala sultani mpya, milango ya nchi ikafunguka, jamaa wakaanza kuja kutoka kila pembe, na nyumba ya Khalfan ikajaa wageni. Nilikwenda asubuhi moja kutazama gari, nikaitwa ndani. Bi Thuwaiba alikuwa akiwamiminia watu kahawa kwa mkono wake, kikombe baada ya kikombe, yeye hanywi. Msichana mmoja aliyefika karibuni kutoka Dar es Salaam akamuuliza Zuhura, mke wa Khalfan, kama bibi ana maradhi ya tumbo.

"Hana," Zuhura alimjibu kwa sauti ya chini. "Bi hanywi kahawa toka Fanja. Alisimamisha gari kwa kahawa, ikachemka juani, asimuwahi mamake. Usimuulize."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikiweka chini kikiwa kimejaa.

Nilingoja wageni watoke ukumbini, nikamfuata.

"Bi Thuwaiba, halikuwa jua."

"Jua lipi, Nassor?"

"La siku ile. Gari haikuharibika kwa kusimama Fanja. Nlitia gasketi yangu mie, niliyokuja nayo kutoka kwetu. Haikutosha, nikaipiga tupa. Usta alinikataza. Hata msingesimama ingekatika vilevile, huko huko njiani. Na ningeitia ile niliyoambiwa, ungekunywa kahawa yako, ukala na mbuzi, na ungemkuta."

Alikuwa ameshika birika. Aliliweka juu ya sinia kwa uangalifu sana, kana kwamba lingevunjika.

"Uliniambia jua," alisema.

"Nilikwambia."

"Miaka mitano, Nassor. Miaka mitano nnasema, laiti nsingetaka kuonekana nna adabu. Kila nkishika kikombe nnamsikia anauliza."

Nililia mbele yake, na sioni haya kuandika. Nilikuwa nimenyamaza ili nisionekane fundi mbaya, na kumbe yule mama ndiye aliyebeba kosa langu, siku zote zile, tena kwa kusimama milangoni mwa watu. Hakunambia amenisamehe. Sikumwomba aseme.

Alikaa chini juu ya mkeka, akaita, "Zuhura! Nletee kikombe."

Zuhura akachungulia. "Cha nani, Bi?"

"Changu."

Zuhura alimmiminia. Bi Thuwaiba akanywa, akanyoosha mkono. Akamiminiwa cha pili, akanywa, akanyoosha mkono. Kwa desturi yetu aliyetosheka hukitikisa kikombe. Khalfan alikuwa ananiita nje nije kusikiliza injini, nikaaga, na nilipokuwa navaa viatu mlangoni Bi Thuwaiba alikuwa kwenye cha nne na hajatikisa.